Kitambaa cha Sare

Kitambaa kilikuwa kimebaki. Hilo ndilo Tabasuri aliloliona kwanza alipomaliza kushona gauni la mwisho la sare. Kipande cha njano kilichobaki kilimtosha mtu mwembamba kama yeye.

"Jumamosi tunakwenda mbio za farasi," Bi Rudhwana alikuwa amemwambia siku alipoleta kitambaa. Tunakwenda. Tabasuri alishona akilirudia neno hilo, na jioni alipomaliza akachora vipimo vyake mwenyewe kwa chaki kwenye kipande hicho.

Ijumaa Bi Rudhwana alikuja na ndugu zake wawili kuchukua magauni.

"Mimi namshangilia farasi mweupe," alisema mdogo.

"Wewe utakuwa unatafuna tu, farasi utahadithiwa," mkubwa akamjibu, wakacheka.

Tabasuri alikitandaza kipande mezani. "Na hiki kilibaki, Bi."

"Umefanya vizuri kukitunza, mwanangu. Tutafungia chapati." Bi Rudhwana alikitazama vizuri. "Mbona kina chaki?"

"Itatoka," alisema Tabasuri.

Bi Rudhwana alikikung'uta mlangoni, wakaondoka. Vumbi jeupe lilielea kidogo kwenye mwanga.

"Nilidhani na mimi nimo," Tabasuri aliuambia mlango.