Wekundu wa Tambuu

Badi alisimama majini mpaka kiunoni, pwani ya Likoni, mtungi wa hewa mgongoni, akijaribu kutema mate ndani ya miwani ya kuzamia. Hayakutoka. Kioo kisiposuguliwa mate kwanza huingia ukungu, na mzamiaji akawa kipofu huko chini. Lakini leo ndiyo mara yake ya kwanza kushuka na mtungi, na hofu ilikuwa imemkausha kinywa.

Mamake alikuwa ufukweni na buibui lake, akitafuna tambuu kwa hasira. Wiki nzima alikuwa amemnyima radhi. "Mungu hakukuumba samaki," ndiyo iliyokuwa kauli yake.

"Una nini wewe?" alimwuliza sasa.

"Sina mate, mama. Kioo kitaniingia ukungu."

Mamake akaingia majini na buibui lake vivyo hivyo, akampokonya miwani, akaisukuma tambuu shavuni, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini. Akatema, ptu, ptu, kama alivyokuwa akimtemea utosini siku za homa za utotoni. Akakisugua kioo kwa kidole gumba mpaka kikawa chekundu chote.

"Haya, nenda, mwanangu. Urudi ule."

Wazamiaji wenziwe waliangua kicheko. "Isuuze, Badi! Utaona nini na wekundu huo?"

Badi aliivaa bila kuisuuza, akazama. Huko chini bahari nzima ilikuwa na rangi ya midomo ya mamake.