Miiba ya Samaki

Ottavio, mhudumu wa hoteli, alikuwa ametuandalia meza yetu ile ile ya dirishani, inayotazama ziwa, sahani mbili na bilauri mbili. Miaka thelathini tumekuwa tukija hoteli hii kila Juni, kwa hiyo hakuuliza.

"Mzee yuko wapi, Bibi? Bado anatafuta miwani aliyoivaa?"

Nilificha mkono wa kushoto chini ya kitambaa cha meza.

"Anakuja," nikasema.

Sikukusudia kudanganya. Nilitaka mlo mmoja zaidi ambao yeye amechelewa tu.

"Mwambie asipofanya haraka, samaki wake namla mimi!"

Samaki alikuja mzima, amekaangwa kwa siagi. Nikamtazama, nikakwama. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinitolea miiba, mmoja mmoja, akiipanga ukingoni mwa sahani, huku akinicheka kwamba nakula kama mtoto. Miaka yote hiyo sikujifunza.

Ikabidi niutoe ule mkono nishike uma.

Ottavio alikuwa akimimina mvinyo. Akaziona pete mbili kwenye kidole kimoja, yangu na ile pana ya kiume, kama wajane wa kwetu tunavyovaa. Akaiweka chupa mezani polepole.

Sahani ya pili hakuiondoa. Alifuta mikono, akavuta kiti cha mume wangu, yeye ambaye alikuwa hajawahi kuketi mbele ya mgeni, akaketi.

"Lete hapa hiyo sahani, Bibi," akasema. "Mzee alisema kweli. Unakula kama mtoto."