Shindano la Kadi

"Anza, mayu, mama yangu," alisema Mzee Maganga, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi. "Mimi nakusubiri wewe."

Muzdalifa hakucheka. Alikuwa ametoka Mwanza na programu mpya ya chama cha wafugaji: picha, rangi, vitufe vya kubofya, kila kitu kwa kipanya. Mzee alikuwa na ile ya zamani ya herufi tupu, aliyoizoea kwa miaka ishirini na sita. Meza ilikuwa moja, kompyuta zimepeana migongo.

Asubuhi hiyo Meneja Justina alikuwa amekata shauri. Atakayetoa kadi ya mfugaji kwanza, bila kosa, ndiye mshindi. Mzee akishinda, anabaki na programu yake hadi astaafu. Akishindwa, leo leo anakabidhi funguo za ofisi. Na Maganga bado alikuwa na watoto wawili wa kusomesha. Aliogopa.

Ndaki, mfugaji kutoka Lingeka, alisimama kando ya meza akataja mambo yake kwa sauti: jina, kijiji, chapa ya ng'ombe, majike thelathini na tano, madume sita.

Kibodi ya Mzee ikalia kama mvua kwenye bati. Muzdalifa akabofya mkoa, akabofya wilaya. Orodha ya vijiji ikafunguka, ndefu. Akateremka, akapitiliza, akarudi juu. Haraka haraka haina baraka: akabofya kijiji cha jirani, ikabidi afute aanze upya.

Printa ya Mzee ikakwaruza. Akachana kadi, akainyoosha mbele.

"Soma kwa sauti, bhabha. Nikikosea useme."

Ndio ulikuwa utaratibu wake kwa kila mteja, hata mwenye haraka. Ndaki akasoma mpaka mwisho.

"Haina kosa."

"Basi Mzee anabaki," alisema Justina, akatoka na Ndaki kwenda kugonga kadi mhuri. Maganga akashusha pumzi.

Muzdalifa aliona aibu, lakini zaidi alivutiwa. Lazima aone skrini ile imepangwaje, aige. Printa ilipoanza kukwaruza nakala ya pili, aliinuka, akazunguka meza kimya kimya.

Skrini ilikuwa imezimwa. Waya wake haukuchomekwa popote, na buibui alikuwa ametanda utando kwenye ncha yake.

"Usijali, mayu," Mzee Maganga alikuwa akikiambia kiti kitupu cha Muzdalifa, akikitabasamia. "Nawe utazoea tu."