Uzi wa Kijani

"Haioni diski," mkurugenzi wa hospitali alirudia, kana kwamba mimi ndiye niliyeipofusha. "Gashe, seva hii imekufa. Iondoe."

Nje ya mlango, wagonjwa walikuwa wakisubiri mafaili yao tangu asubuhi.

Nani kaiua? Wiki iliyopita wakaguzi walikuwa wanakuja. Mkurugenzi akaamuru wasafishaji wazichomoe seva zote nyembamba kabatini, wazipanguse, na wakate nyuzi za kwenye vishikio. Eti uchafu.

Nyuzi hizo alizifunga marehemu mke wangu, Wubit, alipokuwa akifagia chumba hiki. Kila tundu na rangi yake, maana kwenye kabati letu diski inafuata tundu seva inamochomekwa, haifuati seva yenyewe. Alizichomoa kwenye pindo la netela yake, shuka aliyojitanda kila siku, huku akinicheka: "We fundi gani? Bila mimi utapotea humu humu ndani."

Niliichomoa seva. Chini ya kishikio kidole changu kiligusa kitu laini: kipande cha uzi wa kijani, kifupi kama ukope. Mkasi wa wasafishaji haukukifikia.

Kijani ni tundu la nne. Wao waliichomeka la tano, la nne wakaliacha wazi.

Nikaihamisha. Feni zikavuma, diski ikaonekana.

"Safi," mkurugenzi akasema. "Na hicho kiuzi kitoe, Gashe."

Netela ya Wubit ilikuwa shingoni mwangu, mwaka wa pili sasa. Nikachomoa uzi mwingine wa kijani, mrefu, nikaufunga kwenye kishikio mafundo mawili.

"Mkasi huo hapo mezani," nikamwambia. "Kata mwenyewe."