Kisima cha Mjane Muhanga

Zamani, wanyama walipokuwa wakilipana ujira, mto ulikauka. Tembo mwenye kiburi akawaajiri muhanga wawili, wanyama hodari wa kuchimba na kula mchwa, wamchimbie visima viwili. Mmoja alikuwa dume, mwingine mjane mwenye watoto.

"Dume atapata makapu mawili ya kumbikumbi, jike kapu moja," akasema Tembo.

"Bwana, udongo si ni ule ule?" akauliza Mjane.

"Dume analisha familia. Wewe unalishwa na mumeo."

"Mume wangu nimemzika, bwana."

"Pole, mama. Lakini desturi ndiyo hiyo."

Mjane akamtaja Mungu, akaanza kuchimba. Dume alipofikia maji, Mjane alikuwa ameketi kando ya shimo kavu.

"Mbona umeacha?" Tembo akafoka.

"Sijaacha, nimemaliza. Umenipa nusu ya ujira, nimekupa nusu ya kisima."

Dume akaangua kicheko. "Leo umepatikana, mzee!"

Tembo akawatazama ndama wake wakisukumana kwa kiu penye kisima kimoja. Akaenda kulileta kapu la pili mwenyewe.

Mjane akashuka tena shimoni. Maji yakabubujika, yakapanda polepole, yakasimama sawasawa na yale ya kisima cha dume. Tembo akapiga magoti.

"Ewe Mola," akanong'ona, "kumbe maji yako hayaulizi nani kachimba!"

Mjane akajifuta machozi. Akajitwika makapu yake mawili, na jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, watoto wake walilala wameshiba.