Dagaa Wasio na Vichwa

Mbuke alifungua mfuko aliokuja nao mumewe kutoka mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa alikofanya kazi wiki nzima, akashtuka. Dagaa wote walikuwa wamekatwa vichwa na kutolewa matumbo, safi kama wa kumpikia mkwe.

"Baba Limi, siku hizi mwaloni wanauza dagaa waliochambuliwa?"

"Nimewachambua mwenyewe, mke wangu."

"Wewe? Hata kitunguu hujawahi kumenya!"

"Basi leo nimejifunza. Mbona unanitafutia makosa?"

Kazi ile ilitaka mikono yenye subira na mapenzi. Mbuke alimwomba Mungu moyoni auzuie ulimi wake, asije akaivunja ndoa kwa dhana tu ya mwanamke mwingine. Kisha akachukua ungo wa dagaa aliowanunua yeye, wazima na vichwa vyao, akamwekea mumewe magotini.

"Nichambulie na hawa."

Alitaka kumwona akihangaika kama mtu aliyejifunza leo. Mumewe akashika dagaa wa kwanza, akamnyofoa kichwa kwa ukucha wa gumba, akamtoa tumbo na kumtupia bakulini bila kumtazama. Akashika mwingine, na mwingine. Kazi ilipokolea vidoleni, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembelezea mtoto, ambao nyumba ile haikuwahi kuusikia, hata Limi alipokuwa mchanga.