Makopo Mawili ya Zege

Wivu ulimchoma Mzee Mbaruku mpaka mtaa mzima ukanusa ndevu zikiungua. Alimfuata mkewe, Bi Rehani, uani kwa kijana Hamadi, mfundisha mazoezi, akamkuta amenyanyua bomba la chuma lenye makopo mawili ya zege, moja kila ncha.

"Kaza tumbo, mama, hapohapo!" Hamadi alimhimiza.

"Tumbo la mke wangu linakuhusu nini?" Mzee alifoka. "Lete hilo dude!"

Bomba likawekwa chini. Alilivuta, likagoma kama limeota mizizi.

"Utavunjika kiuno, baba Tunu," mkewe alicheka, akambandika kiganja kwenye kitambi. "Kaza hapa kwanza."

Miaka mingi mkono ule haukuwa umefika hapo.

"Umekaza?"

"Bado," alisema Mzee, jasho likimtiririka, na kiganja kikabaki palepale.